Sakafu ya Mlango wa Tatu

Mimi sikuzaliwa na ulimi wa kumung'unya maneno, na uzee haujanipunguzia. Basi nianze na lile linaloniuma. Ndugu yangu aliuawa katika bohari ya reli pale Nakuru, mchana kweupe, na mume wangu akashikwa kwamba ndiye aliyemuua. Mimi nilikuwepo. Nilimwona aliyempiga, na hakuwa mume wangu. Nilisema, nikasema tena mpaka sauti ikanikauka, na mama yangu mzazi hakuniamini. Alikuwa anangoja wakubwa waseme. Na wakubwa wakaja, tena si hawa wakubwa wa mtaani, bali waheshimiwa wa Baraza la kutunga sheria kutoka Nairobi. Nilijua wakitamka neno moja tu, mama akiwa anasikia, nitapata mume na nitabaki na mama. Wasipotamka, mume au mama, mmoja nitampoteza.

Wakati huo nilikuwa nauza uji na viazi vya kuchemsha kando ya ua wa bohari ya mizigo. Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, ilikuwa imepoa lakini haijaondolewa. Watu kama sisi Wakikuyu tulitembea na pasi, kile kibali cha serikali, kifuani, na watu wakikusanyika watano bila sababu, askari alitaka kujua kulikoni. Upande wangu wa ua ulitazamana na mlango wa tatu wa bohari, mlango ulio mpana kuliko yote, ambapo mabehewa yalisimama upande mmoja na malori upande wa pili. Hakuna gunia la mbolea wala bati la kuezekea lililokwenda mashamba ya Subukia, Solai au Bahati bila kupitia mlango ule.

Kwa miaka mingi kazi ya kubeba mizigo kutoka stesheni ilikuwa ya tajiri mmoja Mhindi, mwenye malori ya kijani. Mume wangu alikuwa nyapara wa wapakizi wake. Kisha reli ikaamua kununua malori yake yenyewe na kuichukua kazi. Tajiri akasema kandarasi yake haijaisha. Reli ikasema imeisha. Kila mmoja akatafuta wakili. Na kwa kuwa reli ilikuwa mali ya serikali, na wakubwa wake walipaswa kujibu mbele ya Baraza, tajiri akapeleka malalamiko huko, na Baraza likachagua kamati ije ichunguze jinsi reli inavyofanya biashara. Hayo yote yalichukua miezi. Na katika miezi hiyo treni haikungoja mtu. Mizigo ilifika, na malori ya pande zote mbili yakaja kwenye mlango mmoja.

Watu husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Upuuzi. Fahali wale hawakupigana hata siku moja. Bwana wa bohari na yule tajiri walikuwa wanapungiana mikono asubuhi. Sisi ndio tulipigana. Mpakizi hufanya kazi na kulabu, chuma kilichopindwa chenye mshikio wa mbao, cha kuvutia gunia. Ukishakizoea kinakuwa kama kidole chako. Sasa kulabu zile zikaanza kuvuta watu. Niliona sikio la mtu likiachana na kichwa chake. Niliona makanga akibanwa vidole na ubao wa nyuma wa lori, makusudi kabisa, na aliyembana akicheka. Ilifika mahali nikawa nachemsha maji ya chumvi kando ya sufuria ya uji, maana wateja walikuja na njaa wakarudi na vidonda.

Ndugu yangu alikuwa kitinda mimba wa mama. Alianza kazi kwa tajiri, chini ya mume wangu, lakini reli ilipoanza kuwavuta wapakizi kwa koti la kaki na chumba katika nyumba za reli, akaenda. Mume wangu aliona ametukanwa. Siku moja, wateja wamejaa mbele ya sufuria yangu, alimwambia kwamba akimkuta mlango wa tatu atampasua kichwa. Ndugu yangu akamwomba angoje kwanza amalize uji. Watu wakacheka, na mume wangu mwenyewe akacheka, akamsogezea kiazi. Hivyo ndivyo walivyokuwa, leo wanatukanana na kesho wanaazimana shati. Lakini neno likishatoka halirudi, na waliolisikia walikuwa wengi.

Siku yenyewe kulikuwa na behewa la mbolea lililokuwa linangojwa sana, kwa kuwa mvua ilikuwa karibu na wenye mashamba walikuwa wanapiga kelele. Lori la kijani lilirudi nyuma kuingia mlango wa tatu. Lori la reli nalo likarudi. Yakagongana, taa zikavunjika, na kabla madereva hawajashuka watu walikuwa wameshashikana. Haikuwa kama ugomvi wa siku nyingine. Siku nyingine mtu hupiga akitazama asije akaua. Siku hiyo walipiga tu. Kulabu zilipanda na kushuka, magunia yakapasuka, ile mbolea nyeupe ikawajaa usoni mpaka usijue nani wa nani. Nilisikia mfupa wa mtu ukivunjika, na niko ng'ambo ya ua.

Mume wangu alikuwa ameshika mtaimbo wa kufungulia milango ya mabehewa. Nasema alikuwa ameushika, sifichi. Mtu akamvunjia ubao mgongoni akaanguka kifudifudi, mtaimbo ukaruka mbali. Watu wakaanza kumkanyaga. Hapo ndipo nilipomwona ndugu yangu. Alikuwa amevua koti la kaki kwa joto, yuko na fulana. Alitupa kulabu yake chini, akawasukuma waliokuwa wanamkanyaga shemeji yake, akainama, akamtia mikono kwapani amwinue.

Askari wa reli alikuja kwa nyuma. Alikuwa na rungu lililochomekwa nati ya behewa kwenye kichwa chake, nati nzima ya chuma. Aliona mtu mwenye fulana, hana kaki, akadhani ni wa tajiri. Hakupiga kwa hasira, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Aliinua lile rungu kwa mikono miwili, akarudi hatua nyuma ili apate nafasi, akalishusha kisogoni, kama mtu anayepasua kuni. Ndugu yangu akamlalia mume wangu mgongoni, damu yake ikamtiririkia shingoni. Mume wangu alidhani ni jasho. Alikuwa anamwambia asimame, anamlemea.

Nililiruka sengenge la ua, nguo ikabaki juu. Nilimkuta ndugu yangu bado anapumua, na akakata roho kichwa kiko kwenye aproni yangu. Nikamrukia yule askari nikamng'ata mkono, nikalazimika kung'olewa. Natamani ningemng'ata mpaka mfupa.

Reli haikuweza kusema kwamba askari wake amemuua mfanyakazi wake mwenyewe, na kamati ya Baraza iko njiani. Basi wakaokota mtaimbo wa mume wangu, wakausugua kwenye ile damu iliyotapakaa, wakawapa polisi. Na watu wakaitwa kuulizwa kama ni kweli nyapara aliwahi kusema atampasua marehemu kichwa. Ni kweli, wakasema. Wangesemaje? Wa reli waliogopa kufukuzwa kwenye vyumba vyao, wa tajiri waliogopa kunyang'anywa pasi na kurudishwa rizavu, kule vijijini tulikotengewa. Mimi nilikwenda kituoni nikaeleza yote. Aliyeandika aliniuliza kama huyo mshtakiwa ni mume wangu. Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini, akaniambia niende nikapike.

Nikaenda kwa tajiri. Nilimwambia mume wangu atanyongwa kwa ajili ya malori yake, na yeye ana wakili. Akanijibu kwa upole, akinipa pole nyingi, kwamba wakili yule ni wa mambo ya kandarasi tu, na kwamba kifo kile kilikuwa kibaya kwa kesi yake, afadhali kisitajwe mbele ya kamati. Nilikuwa nimebeba sufuria ya uji, nimetoka nayo kazini. Niliimwaga yote pale barazani kwake, kwenye mazulia na viatu vya wateja. Mpaka leo sijapata sababu ya kujuta.

Mama alikuwa anaishi Subukia, katika shamba la Mzungu mmoja wa kahawa. Alikuja kumzika mtoto wake, hakulia. Nilimweleza nilichoona. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polisi wamesema vingine. Nikamwambia polisi hawakuwepo. Akasema: mke atamtetea mumewe, hata mbuzi humtetea aliyezoea kumlisha. Maneno hayo yalinikata vibaya. Lakini hakuwa amefunga mlango. Alisema wako wakubwa watakaokuja, wakubwa wanaoiuliza reli nayo ikajibu. Hao atawasikiliza.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Damu ya mtu ikimwagika mahali, mahali pale hapakanyagwi kazini mpaka pametakaswa. Anachinjwa kondoo, mzee anachukua yale majani yaliyosagika tumboni mwake, ananyunyiza chini. Na huyo kondoo hatoki popote tu. Anatoka upande wa aliyeua. Mtu haoshi damu ambayo si yake. Ukitoa kondoo, umekiri.

Wapakizi wa pande zote mbili waligoma kukanyaga mlango wa tatu. Hata Wajaluo na Waluhya, ambao mambo yao si kama yetu, walisema hapo hapana, hata kwao damu si maji. Mbolea ikarundikana, mabati yakarundikana, na kamati ilikuwa inakuja kuangalia jinsi mizigo inavyotoka. Mzee mmoja aliyekuwa mshona magunia wa bohari akaenda kwa bwana wa bohari kumwomba kondoo. Yule Mzungu alikuwa amekaa nchini siku nyingi, hakuwa mjinga. Alisema, "Nikitoa kondoo nimekubali." Akakataa katakata. Lakini aliwaruhusu, kwa mdomo wake, wamtafute wenyewe na wafanye mambo yao asubuhi, wapaoshe upesi kabla wageni hawajafika. Wapakizi wakachanga wakanunua dume mmoja mweupe.

Mama alikuja siku hiyo ya kutakasa. Alifika amejifunga shuka lake jeusi, akasimama kando ya nguzo ya mlango. Akauliza kondoo ametoka kwa nani. Wakamwambia ametoka kwa wafanyakazi. Akasema basi bado, hao si waliomuua. Lakini hakuondoka.

Na reli, ambayo haijawahi kuwahi tangu nizaliwe, siku hiyo iliwahi. Behewa la waheshimiwa, lenye mapazia, liliingia mapema likasimamishwa upande wa pili wa bohari. Wakashuka Wazungu wenye kofia, Mhindi mmoja, na Mwafrika mmoja aliyevaa suti nzuri, mmoja wa wale wa kwanza tuliowapigia kura. Bwana wa bohari alikuwa mbele anawaonyesha mizani. Wakakata kona wakatokea mlango wa tatu. Mzee mshona magunia alikuwa amepiga magoti katikati ya watu, mkono umejaa majani ya tumboni mwa kondoo, damu ya mnyama chini, na watu wamemzunguka kimya.

Kila aliyeishi siku zile anajua ilivyoonekana. Watu duara, mnyama amechinjwa, mzee ananong'ona. Kwa jambo kama hilo watu walikuwa wamefungwa, wengine hawakurudi. Yule askari wa reli, yuleyule, alikuwa amefuatana na wageni kuwalinda. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wameruhusiwa. Akapiga filimbi, akapiga kelele kwamba watu wanakula kiapo cha uasi, akatumbukia katikati. Akamfikia mzee kwa nyuma. Akainua rungu kwa mikono miwili. Akarudi hatua moja apate nafasi. Akalishusha.

Mzee alianguka palepale. Si karibu na pale, palepale, uso wake ukaja juu ya doa la ndugu yangu. Watu wakaanza kukimbia, askari wengine wakaingia kwa virungu na mateke, mtu akarushwa kutoka jukwaa la kupakulia mizigo akaangukia reli kwa bega. Kijana mmoja Mluhya aliyejaribu kumfunika mzee alipigwa mpaka akatapika. Na waheshimiwa wamesimama, wote, wanaona. Hapakuwa mbali, palikuwa kama kutoka hapa nilipoketi mpaka pale kwenye kabati langu. Bwana wa bohari alikuwa anawaambia hajui lolote kuhusu mkutano ule, hajawahi kuuruhusu. Alisema hivyo bila hata kupepesa macho.

Mimi sikukimbia. Nilikwenda mpaka mbele ya yule mwenyekiti wao, mrefu, mwenye masharubu ya rangi ya mahindi. Sikupiga kelele. Nilisema, "Hivyo ndivyo alivyouawa ndugu yangu. Mkono ule, rungu lile, mahali hapa. Mume wangu anangoja kunyongwa. Mmeona wenyewe, semeni."

Mkalimani alitafsiri, tena alitafsiri vizuri, niliona nyuso zikibadilika. Yule Mwafrika aliniuliza kwa Kiswahili ni lini, na nani mwingine aliona. Nikamjibu. Nikamwonyesha mama pale nguzoni, nikamwambia huyo ndiye mama wa marehemu, na huyu aliyelala mnamwona. Akavua koti lake la suti akalikunja akamwekea mzee chini ya kichwa. Aliposimama alikuwa na damu kwenye mkono wa shati. Akafungua mdomo, na mwenyekiti akamshika kiwiko. Wakanong'onezana. Nilimtazama mama. Alikuwa ameacha nguzo, amesogea, ameelekeza sikio lake zima upande wao. Nilimwona akingoja.

Kisha mwenyekiti akasema maneno machache, na mkalimani akayaleta: "Kamati inasikitika. Jambo hili si la kamati, ni la polisi. Kamati imekuja kwa mambo ya kandarasi, na sasa ingependa kuona mlango wa nne."

Wakaenda mlango wa nne. Mmoja wao aliinua suruali asichafuke. Yule Mwafrika alibaki nyuma kidogo, akanitazama, akatazama chini, akawafuata. Koti lake aliliacha.

Mimi hapo ndipo nilipopandwa na wazimu. Niliwatukana kwa lugha zote ninazozijua, nikaokota yale majani ya kondoo nikawatupia migongoni. Askari mmoja akanipiga kwa kitako cha bunduki. Meno mawili ya mbele yaliishia pale, ndiyo maana mpaka leo nikicheka nafunika mdomo. Walitupakia kwenye gari la polisi mmoja juu ya mwingine, na mle ndani wakaendelea kutupiga mpaka tukafika, nafikiri kwa sababu tu njia ilikuwa ndefu na hawakuwa na kazi nyingine. Mzee mshona magunia alipona, kama kule ni kupona. Mdomo wake ulipinda upande, hakutamka neno linaloeleweka tena.

Waliponiachilia nilimkuta mama ananingoja nje. Alinifuta damu kidevuni kwa shuka lake. Nikadhani yameisha, kwamba ameona kwa macho yake. Lakini mama alilelewa na baba aliyekuwa mzee wa baraza la ukoo, na huko kulikuwa na sheria moja. Mtu akileta dai, wazee wakamsikiliza, wakaonyeshwa mahali penyewe, kisha wakainuka bila kumjibu, dai limetupwa. Hawamwambii kwamba ni mwongo, wanamstahi tu. Wanainuka.

"Wameona, wamesikia, wameinuka," mama aliniambia. "Mwanangu, wamekuhukumu."

Nilimwambia hawa si wazee wa ukoo, hawa ni Wazungu waliokuja kwa mambo ya malori. Nilimwambia waliogopa. Nilimwambia walikuwa na mambo yao na sisi tulikuwa takataka njiani. Akasema askari yule anapiga kila mtu, hilo halimtoi mume wangu hatiani, na kama yangekuwa kweli wakubwa wale wangesema, kwa kuwa mkubwa hawezi kuona mtu anakwenda kunyongwa bure akaenda kutazama mlango mwingine. Mama yangu aliwaheshimu mno. Akajifunga shuka, akaenda zake Subukia kwa miguu.

Mume wangu hakunyongwa. Siku moja waliniita kituoni wakanikabidhi mtu wangu, kama gunia. Wakasema ushahidi hautoshi. Nafikiri yule Mwafrika alisema kitu kwa mtu fulani, chumbani, mlango umefungwa, na kama ni yeye Mungu amlipe. Lakini mbele ya mama yangu hakusema. Na maneno hayo, ushahidi hautoshi, unayabeba vipi mpaka Subukia? Si kwamba hakuua. Ni kwamba hawajui.

Kamati nayo ilimaliza kazi yake. Karani mmoja wa reli aliyekuwa mteja wangu ndiye aliyenieleza walivyokata shauri. Tajiri akapewa barabara za mashambani, reli ikabaki na mji. Wakashikana mikono. Kuhusu siku ile walisema tu kwamba mizigo ilichelewa kwa sababu ya fujo za wapakizi, na kwamba sakafu ya mlango wa tatu itengenezwe. Nilimuuliza kama kuna mahali wamemtaja ndugu yangu. Akaangalia uji wake.

Mume wangu hakuweza kustahimili. Nilimkataza, hakusikia. Akanunua sukari na blanketi akaenda Subukia kumwamkia mama mkwe. Alimkuta anakata majani ya ng'ombe. Alisimama mbali kama inavyotakiwa, akaita, "Mama." Mama alimjia na panga. Mume wangu aliinua mkono kujikinga na panga likaingia kati ya kiwiko na kiganja, likafika kwenye mfupa, likakwama. Yeye ndiye aliyelichomoa. Akaliweka chini, mpini umeelekea kwa mama, akaacha sukari na blanketi kwenye nyasi, akatembea mpaka barabarani akivuja. Mkono ule haukukunjika tena vizuri. Kazi ya upakizi ikaisha hapo, akawa anasukuma mkokoteni wa maji kwa mkono mmoja na kifua.

Nilimchukia mama. Naandika hivyo na nina akili zangu timamu. Nilimchukia na bado nikawa namtumia chumvi na mafuta ya taa kila gari la Subukia lilipoondoka, na yeye akapokea, na hatukuonana.

Mwaka uliofuata alipata uvimbe wa tumbo, mwenye shamba akamleta hospitali ya Nakuru nyuma ya gari lake. Walipomruhusu nilikwenda kumchukua nimpandishe gari la kurudi. Njiani aliniambia anataka kuona pale. Nilitaka kumwambia hapana. Lakini alikuwa amekonda hadi nikaona haya.

Tulisimama kwenye sengenge, pale pale nilipokuwa nikiuza uji. Mlango wa kwanza, wa pili, wa nne, sakafu zote zilikuwa zilezile za zamani, nyeusi kwa mafuta, zimejaa nyufa. Mlango wa tatu peke yake ulikuwa na simiti mpya. Walichimba sakafu ya zamani wakaitoa yote, wakamwaga nyingine, nyeupe, imesuguliwa laini. Wapakizi walikuwa wanapita juu yake na magunia bila kuangalia chini.

Mama alishika waya wa sengenge kwa mikono miwili. Aliniuliza nani ameweka ile simiti. Nikamwambia reli. Akauliza kama wafanyakazi walichanga. Nikamwambia hapana, hakuna aliyechanga, reli imeitoa yenyewe, na waheshimiwa ndio walioiagiza. Akauliza kwa nini hawakuweka na kwenye milango mingine.

"Wameosha," mama alisema. "Mtu haoshi damu ambayo si yake."

Akaketi chini, pale vumbini, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akaanza kumlilia ndugu yangu. Hakuwa amemlilia siku ya mazishi. Alilia mpaka wapakizi wakasimamisha kazi.

Hakupanda gari la Subukia. Nilimpeleka kwetu, akaketi jikoni karibu na meko. Mume wangu aliporudi na mkokoteni akamwona, aligeuka atoke, maana hakujua safari hii amekuja na nini. Mama akamwita mwanangu. Akamwambia asogee. Akaushika ule mkono uliopinda, akafuata kovu kwa kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kisha akauweka mapajani mwake na hakuuachia.

Mimi nilitoka nje nikalia kwa hasira. Watu hudhani nililia kwa furaha, na sijawahi kuwasahihisha. Nilikuwa nimemwambia mama kwa mdomo wangu, nikiwa na damu ya mwanawe kwenye aproni. Nilimwambia meno yangu yakiwa yameng'olewa. Aliyemwamini mwishowe ni simiti. Kisha nikajifuta uso, nikarudi ndani kuwapakulia chakula, kwa kuwa wote wawili walikuwa na njaa.